Pale Ulipoacha Kuamini

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na daftari hili nalo. Bi Nukta ametuamuru kila mmoja aandike kila siku mpaka mvua ziishe, hata mstari mmoja, hata kama mstari wenyewe ni wa kumsema yeye. Basi naanza na huo: yule mama hana huruma.

Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu, na kila Jumamosi saa nane mchana anatufundisha kuandika hadithi fupi katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Jina la Bi Nukta tulimpa sisi, kwa sababu sentensi ikivuka mistari mitatu anaikata kwa penseli nyekundu bila kuuliza ilikuwa inakwenda wapi. Tuko wanne: Nesi, Fundi Saa, Mwalimu wa Hesabu, na mimi fundi cherehani.

Utaratibu wake ni huu. Hadithi haiandikwi jina. Zote zinaingia kwenye bahasha kubwa, mtu anachomoa moja na kuisoma kwa sauti. Ukichomoa yako unairudisha kimyakimya. Mwenye hadithi anakaa kama mgeni asiyehusika. Msomaji akimaliza tunazunguka meza, na kila mtu anaruhusiwa kusema jambo moja tu: pale alipoacha kuamini. Kusifu ni marufuku. Nesi aliwahi kusema hadithi ya mwenzake ni tamu, akaambiwa tamu ni sukari.

Jumapili, 3 Machi

Nimefua nguo, hazikauki. Mstari wa leo ndio huu.

Jumanne, 5 Machi

Duka letu ni chumba kimoja chenye cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia, na beseni la bluu linalokinga tundu la paa. Mwenye duka ni Dada. Amenizidi miaka kumi na minne na amenilea sawa na Mama alivyonilea, kwa hiyo hata leo, nina miaka thelathini na miwili, bado ananiuliza mbele ya wateja kama nimekula. Shule zinafungua mwezi wa tano na sare zimetujaa mpaka mlangoni.

Leo kanigombeza. Nilikuwa najaribu mkanda mpya wa cherehani, nikakanyaga bila kuweka kitambaa. Aliinuka kwenye meza ya kukatia akaja akaushika mkono wangu. "Usikanyage tupu," akasema. "Unaua meno." Ni kweli, meno yanayovuta kitambaa chini ya sindano yakisagana na chuma bila nguo katikati yanalika, kila fundi analijua hilo. Ila Dada hubadilika uso kabisa. Nilimtania kwamba meno ya cherehani anayapenda kuliko yangu. Hakucheka.

Jumamosi, 9 Machi

Hadithi yangu ya kwanza imesomwa. Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyeichomoa. Ilianza na jua kuchomoza, ndege, umande, na msichana anayeamka, ananawa uso, anavaa. Mwalimu alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza Bi Nukta akamwomba aruke hadi wa pili aendelee kutoka hapo. Hakuna aliyepoteza chochote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye aliniita pembeni. Akasema ukurasa wa kwanza karibu wa kila mtu ni wa kupasha mkono moto, hakuna ubaya kuuandika, ubaya ni kuuacha. Nianze pale ambapo mtu wangu anataka kitu na kitu hakitaki kuja. Mtu mmoja, jambo moja analolitaka. Nikamwambia nitajaribu. Akasema kujaribu hakuna, kuna robo saa kila siku na kitako kwenye kiti.

Nimemchukia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaukata ukurasa wa kwanza, na hadithi ikasimama kwa miguu yake.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Sketi kumi na tisa. Robo saa nimeitimiza nikisubiri pasi ipate moto.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika jambo ambalo nilikatazwa hata kulitamka.

Mama alikufa miaka sita iliyopita, saa tisa alasiri, mimi nikiwa chuo cha ufundi, mbali. Alilala kitandani miezi minane, Dada akimuuguza peke yake na kushonea sebuleni ili asimwache. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa Mama alifia mikononi mwa binti yake mkubwa. Shangazi zetu wanalisimulia hivyo hadi leo, na wakifika kwenye neno mikononi wanafuta macho.

Mwaka juzi tulikuwa tunashona vifungo, mimi na yeye tu. Akasema bila kuinua kichwa: "Sikuwa naye chumbani. Aliita." Nikangoja. Akakata uzi kwa meno, akaniambia nilizike hilo hapo hapo nilipokaa. Nimelizika miaka miwili, na sasa kila nikishika kalamu ndilo linalochomoza. Najaribu kuandika juu ya mtu mwingine, naye ananigeukia ana uso wa Dada.

Jumamosi, 16 Machi

Bi Nukta ametangaza kijitabu. Kiwanda chake cha zamani kitatuchapia hadithi nne, moja ya kila mmoja wetu, mwanzoni mwa Mei. Sharti ni moja: hakuna hadithi itakayoingia bila kupita kwenye bahasha, na usomaji wa mwisho ni tarehe 27 Aprili. Nimekuwa nikitaka kuona maneno yangu yamechapwa tangu nilipokuwa nabandika insha ukutani kwa gundi ya uji. Usingizi umeniruka kwa furaha, kisha kwa hofu.

Nilimuuliza kama mtu anaweza kuandika siri ya mwenzake. Akanitazama juu ya miwani, akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia uchi wenyewe si wangu. Akasema basi badilisha nyumba, badilisha kazi, badilisha miaka, kisha ujiulize kama bado unaogopa. Ukiwa bado unaogopa, huenda ndipo hadithi ilipo. Au ndipo pasipo haki yako. Hilo hakuna mwalimu wa kukuamulia, alisema.

Jumatano, 20 Machi

Nimebadilisha nyumba. Nimebadilisha miaka. Kazi nimeshindwa, sijui kazi nyingine.

Jumanne, 26 Machi

Nimeimaliza. Bi Nukta anasema hadithi mbovu iliyokwisha inafundisha kuliko mwanzo mzuri unaolala kwenye droo, na nimeona ni kweli. Karatasi nyeupe ziliniishia katikati, nikamalizia nyuma ya karatasi ya kaki, ile tunayochorea pateni kabla ya kukata nguo.

Mwanamke anashona sebuleni. Mama yake mgonjwa yuko chumba cha pili. Anapinda upindo wa gauni la bibi harusi, mteja anafuata nguo saa kumi. Mama anaita, lakini cherehani inalia na binti hasikii. Anamaliza upindo, anakata uzi, anakwenda kumuonyesha mama gauni, na mama amekwisha kufa. Ule upindo niliutunga mimi. Dada hakuniambia alikuwa anafanya nini, ila namjua, lazima ulikuwepo upindo.

Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu stoo nyumbani, kama tulivyofundishwa, nikitia alama kila pumzi iliponiishia. Nililia sehemu mbili. Kisha nikajisifu kwa kulia, mjinga mimi.

Jumatano, 3 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie pale mtu anapotaka kitu.

Asubuhi nilitaka karatasi yangu ya kaki. Niliikunja jana nikaiweka chini ya meza ya kukatia, nyuma ya maboksi ya vifungo, nikinuia kuinakili leo. Haikuwepo. Nikainama, nikatambaa, nikafukua mabaki ya vitambaa kwenye gunia. Dada alikuwa amesimama juu yangu akishikiza mashati. Aliniuliza ninatafuta nini, nikasema chaki. Akanipa chaki, iliyokuwa mfukoni mwake.

Ndipo nikaona. Mezani kulikuwa na kitambaa cheupe cha mashati, na juu yake, zimebanwa kwa pini, pateni mpya za kaki: mgongo, kola, mkono. Kwenye pateni ya mkono, kutoka begani hadi kiganjani, kulikuwa na mwandiko wangu. *Mama aliita mara mbili.* Niliusoma nikiwa nimepiga magoti.

Kosa ni langu. Katika duka la fundi, karatasi ya kaki iliyo chini ya meza ni ya kukatwa. Ni mtu wa aina yangu tu anayeweza kuificha siri katika kitu ambacho mwenye siri anakishika kila siku akiwa na mkasi.

Nilimtazama usoni. Alikuwa na pini tatu midomoni, na mwenye pini midomoni haonyeshi lolote. Nilimuuliza karatasi hiyo ameitoa wapi. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa mkononi, akasema zile za zamani zimechakaa, ameona karatasi imekaa bure akaitumia. Kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akacheka kidogo, akanionyesha kidole alichojichoma kwa sindano iliyosahauliwa kwenye shati.

Ilikuwa sindano kweli, na damu niliiona. Sijui zaidi ya hapo.

Alhamisi, 4 Aprili

Hajasema kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Beseni limejaa mara tatu. Hajasema kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Ameniuliza kama nimekula. Nimekaribia kulia.

Alhamisi, 11 Aprili

Dada alipokwenda kununua uzi niliitungua ile pateni ya mkono kwenye msumari ili ninakili. Ajabu ni kwamba aya nzima ipo, kutoka mwito wa kwanza hadi mama alipokutwa amekufa. Mkasi umepita pembeni tu, hakuna hata herufi moja iliyokatwa. Nikashukuru bahati yangu, nikanakili huku sikio langu liko mlangoni. Nimejikuta namchunguza Dada kama polisi: anavyopiga pasi, anavyokunja, anavyotazama mvua. Miaka yote nilidhani namjua. Nilikuwa nimezoea tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimempa Bi Nukta nakala aisome nyumbani, kabla ya bahasha. Nilitaka aniambie ni nzuri, kwa siri, mara moja tu katika maisha yake.

Jumanne, 16 Aprili

Nimepita kuichukua. Kurasa sita, na penseli nyekundu imegusa mahali pamoja tu, pembeni ya aya ya upindo: *Hapa umemwonea huruma.*

Nikamuuliza huruma ina kosa gani. Akasema mtu unayempenda unamtafutia udhuru, na msomaji akishapewa udhuru hana tena kazi ya kufanya, anafunga kitabu anakwenda kulala. Umuache mtu wako afanye alichofanya, ukae naye hapo hapo, usimkimbie. Huo ndio upendo wa mwandishi, alisema, huo mwingine ni wa shangazi.

Nilitoka nimevimba. Hana dada yule, najua. Hana mtu.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda. Nilisema nina mafua.

Jumatano, 24 Aprili

Dada ameuliza, akiwa amenipa mgongo, tunakutana saa ngapi na wapi. Nimemwambia. Akasema ahaa. Sare arobaini zimebaki.

Ijumaa, 26 Aprili

Nikiitia kwenye bahasha kesho, shangazi zangu wataisoma siku moja, na Dada hatakuwa na pa kuuweka uso wake. Nisipoitia, sitaandika kitu cha kweli tena, nitabaki na ndege na umande. Nimezitandika kurasa kitandani. Nimezikusanya. Nimezitandika tena.

Jumamosi, 27 Aprili

Niliitia.

Mkono ulikuwa bado uko ndani ya bahasha mlango ulipofunguliwa, akaingia Dada na mwavuli unaotiririka maji. Akasema mvua ni kubwa, amekuja kunichukua, atakaa pembeni. Nikataka kuichomoa karatasi yangu, lakini Bi Nukta alikuwa ameshaivuta bahasha upande wake. Akampa Dada kigoda mezani, si pembeni. Akamweleza kanuni: anayekaa hapa naye ana zamu, kitu kimoja, pale alipoacha kuamini. Dada akaitikia kwa adabu, akauweka mkoba wake mapajani.

Ya kwanza ilikuwa ya Fundi Saa, sikusikia neno. Ya pili aliichomoa Nesi. Alipofungua kinywa na kusema *mwanamke alikuwa anashona sebuleni*, nilishika ukingo wa meza chini, ambapo hawaoni.

Nesi anasoma vizuri, ndiyo balaa. Anasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma majina wodini, bila pambo. Mama aliita mara ya kwanza. Mama aliita mara ya pili. Upindo ukaisha, uzi ukakatwa. Mimi nilikuwa natazama mikono ya Dada juu ya mkoba.

Tukazunguka meza. Fundi Saa aliacha kuamini kwenye saa ya ukutani, kama kawaida yake. Mwalimu alisema gauni la vifungo ishirini na viwili haliwezi kukamilika mchana mmoja. Mimi nikasema uongo fulani, nimeshausahau. Zamu ikafika kwa Dada, na Bi Nukta akamgeukia akasema karibu, mama.

"Mimi niliacha kuamini kwenye upindo," Dada akasema.

Alizungumza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa hakitatosha. Alisema mwandishi anadai binti hakusikia kwa sababu ya cherehani. Lakini cherehani ya miguu yenye kitambaa haina kelele ya kuzima sauti ya mtu. Kitambaa kinaimeza. Fundi anayeshona anasikia mlango, anasikia mtoto wa jirani, anasikia mgonjwa akigeuka kitandani.

"Alisikia," akasema. "Alisikia mara ya kwanza, na ya pili alisikia. Miezi minane anaitwa. Akatoa kitambaa akaweka pembeni. Akakanyaga tupu. Tupu ndiyo inayopiga kelele. Akakanyaga mpaka hakusikia tena kitu, na alipoacha, kulikuwa kimya."

Nesi, asiyejua lolote, akauliza kwa upole kama binti huyo hakumpenda mama yake.

"Alimpenda," Dada akasema. "Alikuwa amechoka. Alitaka dakika tano."

Bi Nukta alikuwa ameshika penseli, akailaza mezani. Hakumtazama Dada, alinitazama mimi. Nikaelewa kwamba alijua, labda tangu lile swali langu la Machi, na kwamba wiki zote hizi alikuwa akinisubiri nami namtukana humu daftarini. Akasema msomaji wa leo amemshinda mwalimu, na akafungua hadithi iliyofuata.

Wote wakaandika kwenye madaftari yao jambo la cherehani, kama funzo la ufundi. Ni mimi peke yangu niliyejua wamesikia nini. Na niliona aibu ya pili, ndogo lakini kali: mimi ni fundi miaka mitano. Nilijua kwamba kitambaa kinaimeza sauti. Nilijua na nikaandika vile.

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja. Kwenye kona ya kwanza akasema ile karatasi aliisoma kabla ya kuikata, na kwamba ningekuwa na macho ningeona mkasi ulivyozunguka maneno. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kuona nitafanya nini. Nikamuuliza kama niitoe kwenye kijitabu.

Aliruka dimbwi. "Ukiichapisha na ule upindo," akasema, "sitakusamehe."

"Na bila upindo?"

Alisogeza mwavuli upande wangu, bega lake likalowa mpaka nyumbani.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeifuta aya. Nimeandika aya. Nimeifuta. Sijui sauti yake. Miaka yote nimekatazwa kukanyaga tupu, kwa hiyo sauti yenyewe siijui vizuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imekatika asubuhi, jua la kwanza baada ya siku nyingi. Dada alikuwa kwenye meza ya kukatia, sare sita za mwisho mbele yake. Nilikaa kwenye cherehani yangu, daftari hili pembeni. Nikainua kikanyagio cha chuma kinachobana kitambaa, nikatoa shati lililokuwa chini yake, nikalikunja, nikaliweka kando. Nikatoa na uzi.

Nikakanyaga. Meno yakagonga chuma. Nilijua atainuka, nikakaza shingo nikisubiri mkono wake juu ya mkono wangu. Mkasi ulisimama. Sikugeuka. Kisha mkasi ukaendelea, taratibu, ukikata kitambaa.

"Kwa nguvu zaidi," Dada akasema nyuma yangu. "Haikuwa polepole hivyo."